Siimbi wala sina chama: nianzie wapi kutumika katika parokia yangu hapa Moshi?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mhasibu, nimehamia Moshi kikazi mwaka jana kutokea Songea na ninaishi Pasua. Ninasali kila Jumapili na zaka ninatoa, lakini natamani kuwatumikia wengine, si kukaa kwenye benchi tu. Nilikwenda ofisi ya parokia, nikaandikwa jina kwenye daftari, nikaambiwa nitaitwa, na hadi leo sijaitwa. Sauti ya kwaya sina, Kichagga sikijui, na nafasi yangu ni Jumamosi mchana pamoja na jioni moja ya katikati ya wiki. Mume wangu ni Mlutheri. Ndoa yetu tuliifunga katika Kanisa Katoliki kwa kibali. Je, ni lazima nijiunge na chama cha kitume ndipo nitumike? Nianzie wapi?

Jibu: Milele, Amina. Nikupe jibu fupi kwanza, dada yangu, kisha nilifafanue. Anzia kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaa unaolala, omba ukabidhiwe wagonjwa wa jumuiya hiyo, hasa wale wa siku nyingi, na uhasibu wako usiutangulize. Chama cha kitume si sharti, ingawa baadaye kinaweza kukufaa.

Daftari la ofisini halikukusahau kwa ubaya. Katibu wa parokia hana kazi ya kumpa mtu asiyemfahamu, kwa sababu mahitaji yenyewe hayaanzii ofisini bali majumbani, hupita kwa mwenyekiti wa jumuiya, kisha kanda na kigango, ndipo yamfikie paroko. Siku akitafutwa mtu wa kumpeleka mzee kliniki, hakuna atakayefungua daftari. Wataulizana nani anakaa jirani naye. Maaskofu wa ukanda wetu, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliazimia mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya hizi, na mwaka 1976 wakazifanya kipaumbele cha kichungaji. Ndiyo maana hata leo ukitaka kumbatiza mtoto, kufunga ndoa au kumzika marehemu wako kikatoliki, swali la kwanza unaloulizwa ni kama jumuiya yako inakujua.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, iandikie parokia yako ya zamani kule Songea wakupatie barua ya utambulisho, uipeleke kwa mwenyekiti wa jumuiya ya hapo Pasua. Nimeona waamini wengi wahamiaji wakikaa mjini hapa miaka bila kufanya hivyo, wanasali Jumapili katika parokia yoyote iliyo karibu na shughuli zao, halafu wanashangaa kwamba hawatambuliwi. Uliza pia jumuiya yako inakutana lini. Zipo zinazosali alfajiri kabla watu hawajakwenda kazini, zipo za Jumamosi, zipo za Jumapili baada ya Misa, na sala huzunguka nyumba kwa nyumba. Hudhuria kwa utaratibu kabla hujajitolea kwa lolote. Zamu ya kwako ikifika, wapokee nyumbani, kwa maana watu wa jumuiya humwamini mgeni aliyewafungulia mlango upesi kuliko aliyekuja na maelezo marefu kuhusu vipaji vyake.

Sasa nifike kwenye sababu ya kukuelekeza kwa wagonjwa, na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya viongozi wenzangu wa walei hawalifurahii. Parokia zetu hazina upungufu wa watu wa Jumapili. Akija askofu kutoa Kipaimara, au padre akiadhimisha jubilei, kamati zinaundwa ndani ya juma moja: ya mapokezi, ya chakula, ya mapambo, ya vitenge vya sare, na kila kamati ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Sizibezi kamati hizo, kwa kuwa sherehe nayo ni sehemu ya ibada yetu. Lakini mzee aliyepooza, ambaye wiki ya kwanza nyumba yake ilijaa watu na maziwa na mikungu ya ndizi, ukienda mwaka wa pili siku ya Jumanne jioni utamkuta na mjukuu wa darasa la nne peke yao. Upungufu wetu uko hapo, na mtu aliye tayari kutoa jioni moja ya katikati ya wiki, kila wiki, bila kushangiliwa, parokia inamhitaji kuliko mwimbaji wa sauti ya tatu.

Mwombe mwenyekiti akutajie wagonjwa wawili tu, si zaidi, na mara ya kwanza uende na mtu wanayemfahamu. Usiende mikono mitupu, lakini usiende na mzigo pia. Sabuni ya kipande, sukari, unga kidogo vinatosha, kwa sababu ukianza na makubwa, mgonjwa ataona aibu kukupokea siku utakayokuja bila kitu, nawe utaona aibu kwenda. Kaa chini, kwa sababu mtu aliyelala huchoka kumtazama aliyesimama. Sikiliza kabla ya kusali, na sala yenyewe iwe fupi: Baba Yetu, Salamu Maria, maneno machache ya Injili. Kisha angalia kwa macho yaliyo wazi. Dawa za presha zimebaki ngapi kwenye pakiti, na tarehe ya kliniki kwenye kadi imepita au bado? Maji yapo ndani, au mjukuu anatumwa bombani usiku? Mara nyingi tendo la huruma linalohitajika siku hiyo ni kuosha vyombo vilivyolala tangu jana, au kuomba namba ya mwanawe aliye Dar es Salaam ukampigia kwa upole kumweleza hali ya mama yake bila kumlaumu.

Kichagga kisikuogopeshe. Chenyewe kina matawi, na mtu wa Machame akikutana na wa Rombo wote wawili hukimbilia Kiswahili. Ukimkuta bibi ambaye Kiswahili chake kimepungua kwa uzee, mtoto wa jirani atakutafsiria.

Lipo jukumu moja ambalo huwa linaachwa katikati, nalo ni kumpa padre taarifa mapema. Familia nyingi hapa kwetu bado huamini kwamba Mpako wa Wagonjwa ni wa kumuaga mtu, hivyo huogopa kumwita padre wasije wakamtia mgonjwa hofu, na mwishowe padre anapigiwa simu saa tisa usiku mgonjwa akiwa hasikii tena. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1004, inasema sakramenti hii inaweza kutolewa mwamini anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Anapoanza, si anapomaliza. Wewe huwezi kuitoa, kwa kuwa kanuni ya 1003 inawahusu mapadre peke yao, lakini unaweza kuwaelewesha wanafamilia, ukapeleka jina parokiani, ukakubaliana na padre siku, na siku hiyo ukaandaa mahali. Kinachohitajika ni kidogo: meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, glasi ya maji safi, na televisheni ya sebuleni izimwe. Muulize mgonjwa kabla kama anataka kuungama, ili watu wa nyumbani wajue watatoka nje kwa muda bila kuambiwa na padre mwenyewe.

Huenda baada ya mwaka mmoja au miwili paroko akakupendekeza uwe mhudumu wa Komunyo kwa wagonjwa. Huduma hiyo iliwekewa utaratibu na Papa Paulo VI mwaka 1973, na kanuni ya 910 inawataja walei waliopewa ruhusa hiyo kuwa wahudumu wasio wa kawaida. Haiombwi kama nafasi ya kazi. Mtu hupendekezwa, hupewa mafunzo, hupata idhini ya askofu, na huwa ya muda maalumu inayoweza kuhuishwa au kukoma. Anayebeba Ekaristi hutoka kanisani moja kwa moja hadi kwa mgonjwa. Hapiti sokoni Mbuyuni kununua nyanya, wala hasimami njiani kupokea habari za mtaa. Nakueleza haya mapema kwa sababu nimeona watu wazuri wakiitamani huduma hii kwa ajili ya vazi lake, ilhali wagonjwa wa mtaani kwao hawawajui majina.

Mbali na majumbani kuna hospitali. KCMC, ikiwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, hulaza wagonjwa kutoka Tanga, Manyara, Arusha na mbali zaidi, na wengine wao hawana ndugu hata mmoja mjini wa kuwaletea uji. Mawenzi nako hali ni hiyo hiyo, na Hospitali ya Mtakatifu Yosefu pale Soweto ni ya Kanisa letu lenyewe. Jumamosi yako mchana ingefaa sana huko, lakini usiende kivyako. Ungana na kikundi cha parokia kinachotambuliwa, fuata saa za kutazama wagonjwa, jitambulishe kwa muuguzi wa zamu, na usimlishe mgonjwa kitu chochote kabla ya kumuuliza muuguzi huyo. Huko wodini hatuulizi dini ya mtu. Aliye kitanda cha pili akiwa Mwislamu au Msabato, uji ni ule ule, na sala unasali pale tu alipoomba. Gereza la Karanga ni habari nyingine. Wafungwa wanahitaji kutembelewa, na Injili ya Mathayo sura ya 25 inawataja waziwazi, ila mlango wake hupitwa kwa ruhusa ya uongozi wa gereza pamoja na padre anayehudumu huko, kwa hiyo liache hadi utakapokuwa ndani ya kikundi.

Hapo ndipo vyama vya kitume vinapoingia. Kanuni ya 215 inampa mwamini haki ya kuunda chama au kujiunga nacho; haimlazimishi. WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, iliyoanza mwaka 1972, huwahesabu wanawake Wakatoliki wote kuwa wake, kwa hiyo huko tayari una kiti hata kama hujakikalia. Kati ya vyama vinavyohusika na matendo ya huruma, viwili huchanganywa mara nyingi na ni vizuri uvitofautishe kabla ya kuchagua. Legio Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, humtaka mwanachama wake ahudhurie mkutano kila wiki na afanye kazi ya utume ya takriban saa mbili, wakienda wawili wawili, lakini kanuni zake zinakataza kutoa msaada wa mali. Mwanalegio huenda kwa mgonjwa na sala, maneno na mikono yake. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frederic Ozanam pamoja na wenzake, humtembelea maskini nyumbani kwake na kumpelekea unga, kodi ya chumba au nauli. Asiyejua tofauti hii humlaumu mwanalegio kwamba ni mchoyo, na humgeuza mwanavinsenti kuwa duka. Kwa muda ulioutaja, Legio ingekumalizia jioni yako yote kwa mkutano, kazi ikahamia Jumamosi. Vinsenti ingekuachia nafasi zaidi. Hayo ni maoni yangu tu, nenda kahudhurie mikutano ya vyote viwili kama mgeni kabla ya kujiandikisha.

Kufundisha watoto dini ni huduma nzito kuliko inavyoonekana. Ukiwiwa kusaidia Utoto Mtakatifu, yaani shirika la watoto Wakatoliki, au darasa la Komunyo ya kwanza, omba kwanza uwe msaidizi chini ya katekista, uhudhurie semina za jimbo, na uheshimu miiko ya ulinzi wa watoto bila kujadiliana nayo: watu wazima wawili darasani, mlango wazi, hakuna mtoto wa kupelekwa nyumbani kwa mwalimu peke yake, hakuna kiboko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhusu kila aliye chini ya miaka 18, na kanisani si mahali pa kuikwepa. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista, na tangazo hilo lilipokelewa kwa shangwe vigangoni kwetu, ingawa naomba niseme kando kidogo kwamba kanuni ya 231 inawapa walei wanaolitumikia Kanisa wakati wote haki ya ujira unaostahili, na makatekista wengi wanajua tofauti kati ya shangwe na ujira. Kujitolea ni kwako wewe mwenye mshahara kwingine. Usikubali jina hilo litumike kumnyima mwenye familia haki yake.

Usomaji wa masomo, usafi wa kanisa, maua na kupokea waamini mlangoni sitaviongelea kwa kirefu. Vina ratiba, vina viongozi, na ukiwaendea watakupangia zamu.

Nilikuambia uhasibu usiutangulize, na pengine umeshangaa, maana ni ujuzi adimu. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha, na walei wanaojua hesabu huhitajika humo kweli kweli. Lakini mgeni anayeanza na fedha za watu hujulikana kwa fedha, na baada ya hapo kila atakayekutana naye atataka kujua michango imefika kiasi gani. Wakikufahamu kwanza kama mtu wa wagonjwa, siku wakikuita kwenye hesabu watakuwa na sababu ya kukuamini. Ukifika huko, anza na lililo dogo katika jumuiya yako: michango inayotumwa kwenye simu binafsi ya mhazini. Mhazini anaweza kuwa mwaminifu kama Mtakatifu Yosefu, lakini fedha za msiba zikikaa kwenye namba moja na ada ya mwanawe, hawezi kuzitenganisha hata akitaka. Wasaidie wawe na laini ya peke yake, daftari lenye mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, watu wawili wa kuhesabu sadaka wote wakisaini kabla ya kuondoka, na taarifa ya kusomwa mbele ya jumuiya kila mwezi. Mambo yaliyomo katika bahasha za zaka yabaki humo humo. Nani ametoa shilingi ngapi si habari ya kwenda nayo nyumbani, hata kwa mumeo.

Kuna mipaka ambayo ningependa uijue kabla hujaikanyaga. Usimpige mgonjwa picha na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, hata kama lengo ni kuchangisha; andika kwamba kuna mwenzetu mwenye uhitaji, na jina lake wapewe viongozi. Usimkopeshe fedha unayemhudumia, wala usiahidi kwa niaba ya parokia, kwa kuwa maneno “parokia itakusaidia” hayarudi nyuma. Ukikuta mtoto anayepigwa au mzee anayenyimwa chakula, hilo limepita uwezo wa ziara yako. Mwone paroko na ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Na watoto wako wawili wasijikute wanamsubiri mama jioni zote kwa sababu anahudumia wa wenzake. Jioni moja ni jioni moja. Ukiombwa ya pili, kataa kwa heshima hadi mwaka uishe.

Msimu mmoja utakuona wa thamani kuliko mingine yote, nao ni Desemba. Wenyeji wa hapa hupanda milimani kwa Noeli, Kilema, Kibosho, Marangu, Rombo, parokia za huko zikafurika hadi watu wakasali nje, na jumuiya za mjini zikabaki na watu wachache. Wagonjwa wa mjini hawapandi. Kama mwaka huo hamsafiri Songea, mwambie mwenyekiti tangu Novemba kwamba wewe utakuwepo, mgawane na waliobaki nyumba za kupitia kuanzia mkesha wa Noeli hadi Mwaka Mpya, na mpatane na padre nani atapelekewa Komunyo siku ipi.

Kuhusu mumeo, hali yenu haina kizuizi. Ndoa mseto iliyofungwa kwa kibali ni ndoa halali kabisa, nawe unapokea sakramenti kama kawaida, hivyo hakuna huduma ya mlei unayozuiwa kwa sababu hiyo. Yeye hawezi kuwa mhudumu wa Komunyo kwetu, lakini kumtembelea mgonjwa, kubeba maji au kumshika mzee mkono akielekea kliniki havihitaji cheti cha ubatizo wa upande wowote, na Walutheri wa mji huu wana desturi nzuri za kuwatembelea wagonjwa ambazo angeweza kukufundisha. Waambie wasomaji wenzako ambao ndoa zao bado hazijabarikiwa kwamba nao wasijitenge: watasubiri kwa huduma za altareni na usimamizi wa sakramenti, ila wodi na nyumba za wazee ziko wazi kwao tangu leo, na paroko atawapokea kuzungumzia ndoa wakiwa tayari. Mumeo akiwa na gari, mwombe jambo moja tu: siku ya kliniki ya mmoja wa wale wagonjwa wawili, asubuhi, kabla hajakwenda kazini. Usafiri wa kwenda mara nyingi ni bodaboda au teksi, mzee wa presha na magoti hawezi ya kwanza na hamudu bei ya pili, na kwa sababu hiyo tu kadi nyingi za kliniki katika mitaa yetu zina tarehe zilizopita.